Kamba Tuliyoitia Rangi Nyeusi

Asifiwe Mungu aliyenipa miaka ambayo wengine hawakupewa, akaniachia macho ya kusomea na mkono wa kuandikia. Aliumba nuru kabla ya kuumba jicho la kuiona, na sisi tuliokula mkate wetu kwa kazi ya nuru tuna sababu ya kumshukuru mara mbili. Ninaanza kwa jina lake kwa kuwa nitakayosema si mepesi, na bila msaada wake ningeyaacha pale yalipo.

Wanangu mnaosomea mambo ya filamu kule Nchiru, mwezi uliopita mlinitembelea wanne, mkakaa kwenye benchi langu, mkanywa chai, mkanionyesha filamu yetu ya zamani ndani ya simu. Nilishangaa kuiona imebanwa kwenye kitu kidogo kama kipande cha sabuni. Mkaniuliza, "Mzee, pale Mtu wa Ukungu anaporuka kutoka kwa jabali, mbona picha inakuwa nyeusi? Kanda iliharibika?" Mwenzenu mwenye miwani akawajibu kabla yangu: "Wacha wewe, hiyo ni sanaa. Mzee alitaka tufikirie." Mkacheka. Mimi sikucheka, mkadhani nimechoka, mkaaga kwa heshima.

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Kazi yangu ilikuwa taa, umeme na kamba katika kikosi kidogo cha filamu cha kanisa. Tulikuwa na gari la sinema lenye mashine ya kuonyeshea picha, skrini ya kitambaa, na kipaza sauti kikubwa juu ya paa. Tulizunguka masoko ya Meru na Embu tukionyesha filamu za dini na za afya. Mimi ni Mmbeere, jina langu Nyaga, lakini wenzangu Wameru waliniita Fundi. Kitu chochote cha kuning'inizwa, kuvutwa au kuwashwa kilikuwa changu. Kikianguka, kilikuwa changu pia. Kumbukeni hilo.

Katikati ya miaka ya tisini hakukuwa na kitabu kilichopendwa na vijana wetu kama *Mtu wa Ukungu*. Kilikuwa kitabu kizima cha picha, kilichochorwa kwa wino na Mwalimu Gitonga, mwalimu wa shule ya msingi katika milima ya Nyambene. Shujaa wake ni mfagiaji wa zahanati. Hakuna anayemsalimia. Lakini ukungu ukishuka, anajitupia blanketi jeusi mabegani na kuruka kutoka tuta hadi tuta, akiwatetea wanaodhulumiwa. Mwisho wake ni mchungu: nguvu zinamwisha, analala kando ya barabara, na wale aliowaokoa wanapita bila kumtambua. Nakala zilipita mkono kwa mkono hadi kurasa zikawa laini kama kitambaa. Watoto walifunga sweta shingoni na kuruka kutoka ukuta wa kiwanda cha kahawa. Mikono ilivunjika, wazazi wakalalamika, na kitabu kikazidi kutafutwa.

Mkuu wetu, Mugambi, ndiye aliyekuwa dairekta na mshika kamera. Akasema tukitengeneza filamu ya kitabu hiki, vijana watakuja kwa mamia, na neno la Mungu litapata masikio. Kamati ya kanisa ikamwita Mwalimu Gitonga ahojiwe. Mchungaji akafungua kitabu, akaweka kidole juu ya shujaa, akauliza, "Mwalimu, huyu anaruka kwa nguvu za nani?"

"Za penseli, Mchungaji."

Wazee wakacheka hadi Mchungaji naye akashindwa kujizuia. Tukapewa ruhusa.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hapa kuna mambo ya kazi. Kosa letu la kwanza lilikuwa heshima iliyozidi. Tulikipenda kitabu hata tukakinakili kisanduku kwa kisanduku. Mugambi alifungua ukurasa, akapanga watu kama walivyochorwa, akapiga picha, akafungua mwingine. Wiki mbili nzima. Tulipotazama kazi yetu kwenye televisheni ndogo, ilikuwa kama kutazama maiti waliovalishwa vizuri. Maneno yanayoenea kwenye kiputo kilichochorwa juu ya kichwa hayaenei kinywani. Mhusika alirusha ngumi, na kabla haijafika alikuwa ametoa hotuba ya dakika nzima, na yule wa kupigwa amesimama anangojea kama mtu wa foleni ya posta. Tukatupa karibu kila kitu tukaanza upya.

Kosa la pili lilikuwa blanketi. Kwenye wino linapepea daima. Kwenye upepo wa kweli, blanketi la sufu linaning'inia kama godoro, na upepo ukikaza linamfunika mtu uso. Tukalibadilisha kwa kitambaa chepesi cha bitana, nikashona waya mwembamba kwenye pindo. Ukungu nao tuliutengeneza kwa kuchoma maganda ya kahawa yaliyoloweshwa. Siku ya kwanza jirani alikuja mbio na ndoo, akammwagia shujaa maji, akauliza mahali moto ulipo. Kitabu kinaweza kusema ukungu kwa mistari mitatu. Filamu inadai maganda magunia sita na mtu wa kukohoa.

Lakini jambo lililotugawanya lilikuwa kuruka. Kama mmekiona kitabu, mtakuwa mmetambua kwamba Mwalimu Gitonga hakuwahi kumchora shujaa akiwa hewani. Hata mara moja. Anamchora ukingoni, magoti yamekunjwa. Kisanduku kinachofuata, ametua. Kati yao kuna nafasi nyeupe upana wa kidole.

"Watu watadai kumwona akiruka," Mugambi alimwambia. "Umewaahidi kitabu kizima."

"Mimi sikuwaahidi," Mwalimu akajibu. "Pale kwenye nafasi nyeupe msomaji ndiye anaruka. Ukimwonyesha, utakuwa umemshusha chini."

"Kitabu kinakaa mkononi, Mwalimu. Sinema ni ya macho."

Wakanigeukia. "Fundi, inawezekana?"

Ningeweza kusema sijui. Nilisema inawezekana. Nilikuwa nimening'iniza taa na skrini miaka mingi, na nikatamani siku moja kuning'iniza mtu, watu waseme, angalia kazi ya Nyaga. Nilikuwa mzee wa kanisa tayari, na kiburi changu kilivaa koti la utumishi.

Shujaa wetu aliitwa Mutwiri. Alikuwa mchumaji wa miraa kutoka Kangeta, na tulimchagua kwa mwili wake. Mchumaji wa miraa hupanda matawi membamba kama kifundo cha mkono, miguu mitupu, akienda huku na huku kama anatembea sebuleni. Kuna watu kanisani walionung'unika kwamba mtumiaji wa miraa hawezi kuwa shujaa wa filamu ya kanisa. Mugambi akawauliza nani kati yao angependa kuvaa blanketi na kusimama ukingoni.

Mutwiri alitafuna miraa kidogo asubuhi, kama wewe unavyokunywa chai, na kazini alikuwa mwangalifu kuliko sisi wote. Hakukubali mtu mwingine amfunge. Nilimshonea mshipi mpana wa ngozi wenye pete ya chuma mgongoni, chini ya blanketi, na mwisho wa kamba nikafunga kulabu ya chuma yenye kifungio. Alijifunza kufikisha mkono nyuma na kuitia kulabu kwenye pete mwenyewe, kisha anaivuta mara mbili.

"Fundi," aliniambia, "mti unaongea. Ukianza kulalamika, unashuka. Kamba yako inaongea?"

"Inaongea. Lakini Kimbeere tu."

"Aa! Hiyo lugha ya mbuzi!" Akacheka akinipiga bega.

Mahali pa kuruka palikuwa korongo moja karibu na Ishiara, kwa sababu jabali lake lilifanana na la kitabuni. Nilitandaza kamba nene ya nailoni, ile ya kuvutia magari, kutoka upande mmoja wa korongo hadi mwingine. Juu yake nikaweka kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba. Kutoka kwenye kapi ikashuka kamba moja hadi mgongoni kwa Mutwiri. Wanaume watatu waliojificha nyuma ya mwamba wangevuta kapi, naye angepita hewani hadi ng'ambo. Ile kamba ya juu haikuonekana kwenye picha. Hii ya kushuka ndiyo iliyoonekana. Nailoni yangu ilikuwa ya samawati na iling'aa juani kama njia ya konokono. Niliipaka rangi, ikabambuka.

"Hiyo kamba inatuaibisha," Mugambi akasema. "Mtoto wa darasa la pili ataiona."

Nikawaza kamba ya mkonge, nyembamba kuliko nailoni, maana mkonge hunywa rangi. Na pale Ishiara kila mtu alimjua Cucu Ciarunji, bibi aliyesuka vyondo, vikapu vya mkonge vyenye mistari myeusi kabisa. Nikampelekea kamba mpya. Alichemsha magome ya mti kwenye sufuria kubwa, akavunja betri kuukuu za tochi, akamimina ule unga mweusi wa ndani, akakoroga. Kamba ikatoka nyeusi kama shimo. Nilimshukuru kwa furaha.

Akaniangalia. "Inaenda kubeba nini?"

"Ni ya picha tu, Cucu."

"Picha nzito?"

Nikamweleza. Akaweka mwiko chini.

"Hapana. Hiyo ya betri inakula uzi. Angalia kiondo changu, mweusi uko tumboni, kwa mapambo. Kwa mkanda siweki, hata kidogo. Ile ya mkanda naacha nyeupe. Hii itabeba mahindi leo. Kesho sijui. Mtu haibebi."

Wanangu, lile lilikuwa somo kamili la ufundi, lililotolewa na mtu aliyefanya kazi na mkonge miaka hamsini. Nami nilisikia bibi wa vyondo tu. Nikamwambia, "Nitaipima, Cucu," na kweli niliipima. Siku ileile, ikiwa bado mbichi, niliifunga magunia mawili ya mawe, yaliyozidi uzito wa Mutwiri, nikayaning'iniza kutwa. Kamba haikulegea hata uzi. Nikaridhika. Kisha nikaianika kwenye jua la Ishiara siku tatu ili rangi ishike.

Sasa najua kilichotokea. Ilipokauka, ule ukali wa betri ulibaki ndani na kuendelea kula. Niliipima siku ya kwanza, nikaitundikia mtu siku ya nne. Tena niliipima kwa mzigo uliotulia, wakati mtu anayeruka hushtua kamba. Kama hamtachukua lingine kutoka kwangu, chukueni hili: pimeni saa ileile ya kutumia, na pimeni kwa mshtuko.

Asubuhi ya siku ile sikumwambia Mugambi maneno ya Cucu. Sikumwambia Mutwiri. Tulisimama mviringo, Mchungaji akaiweka kamba mikononi mwake, akaiombea ulinzi. Nilisema Amina kubwa kuliko wote. Moyoni nilihisi mzigo umetoka kwangu. Ninaamini maombi hata leo, na nitakufa nikiyaamini, lakini asubuhi ile nilimrudishia Mungu kazi ambayo yeye alikuwa amenipa mimi.

Mutwiri akasimama ukingoni. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Alipeleka mkono nyuma, akatia kulabu kwenye pete, akaivuta mara mbili. Nilimwona kwa macho yangu. Akanitazama, akanyanyua kidole gumba, akakunja magoti. Mugambi akapaza sauti. Mutwiri akaruka.

Alikwenda vizuri. Labda pumzi mbili. Blanketi lilifunguka nyuma yake, na kwa muda ule niliona kitabu kimekuwa hai, na moyo wangu ulijaa. Kisha kukawa na sauti ndogo, kama mtu amevunja kijiti kikavu, na akashuka juu ya mawe.

Mimi nilifika chini wa kwanza. Alikuwa amelala ubavu, macho wazi, anapumua. Nikainua blanketi. Kulabu ilikuwa palepale kwenye pete, imefungwa, na juu yake fundo langu na kipande cha kamba nyeusi urefu wa kidole. Kamba ilikuwa imekatika mahali pa fundo. Niliwasikia wengine wanateremka, mawe yanaporomoka. Mkono wangu ukafungua kulabu, ukaitia mfukoni pamoja na kile kipande. Nasema mkono wangu, kama kwamba haukuwa na mwenyewe. Ni mimi niliyefanya.

Tulimlaza kwenye gari la sinema, juu ya kile kitambaa cha skrini. Mugambi aliendesha, mimi nikashika kichwa cha Mutwiri magotini. Njia ilikuwa mbaya. Mara mbili alijaribu kuzungumza. Ya tatu nikasikia.

"Fundi. Nilifunga?"

Nikamwambia, "Nyamaza, usijichoshe."

"Kulabu. Nilifunga?"

"Usijichoshe, ndugu yangu."

Alifariki kabla hatujafika lami. Alikufa akijiuliza.

Waliobaki korongoni walikuwa wameuona mshipi ukiwa na pete tupu, na kufikia jioni kila mtu alikuwa na jibu. Hakufunga. Si mnajua alikuwa mtu wa miraa? Ilikuwa handasi, ule ulevi wa miraa, alijiona ndege kweli. Mugambi alitazama kanda tena na tena, akitafuta kamba ili ajue. Hakuiona. Ilikuwa imefichika vizuri kabisa, kama tulivyotaka. Kwenye kanda kulikuwa na mtu tu, anaruka bila kitu, halafu anaanguka. Mimi, wenzangu walipokuwa wanampandisha kwenye gari, nilikuwa nimekwisha kuivuta na kuikunja ile kamba iliyobaki na kuifungia ndani ya sanduku langu la vifaa.

Tulimzika Kangeta, katika shamba lake. Mchungaji alihubiri juu ya miraa, kwa upole, akidhani anawaonya walio hai. Mkewe Mutwiri, Karimi, ambaye wote walimwita Mama Kendi kwa jina la binti yao, alikaa mbele ya jeneza wima kama nguzo. Mimi nilisoma sala ya mwisho. Niliisoma bila kukosea neno.

Mambo hayakuishia kaburini. Wachumaji wa pale hufanya kazi kwa kikundi: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wenzake Mutwiri waliona aibu kwamba mchumaji ameanguka kwa kutofunga kulabu. Walisema pale nyumbani pana uzembe, na hawataki mguu wao uteleze kwa kukanyaga alipokanyaga. Zamu ya shamba lake ilipofika, hawakuja. Miraa isipochumwa kwa wakati inakomaa, na iliyokomaa haina mnunuzi. Habari hizo zilinifikia. Nilijua neno moja langu lingewarudisha, na nilikaa nalo miezi miwili. Niliongoza ibada. Nilishiriki meza ya Bwana.

Siku moja nilipita Ishiara kurudisha sufuria niliyoazima. Cucu Ciarunji alikuwa anasuka. Hakuinua macho.

"Ile kamba ilikufa lini?"

"Siku ya nne."

"Na mtu?"

"Alikufa pia, Cucu."

Alisuka mizunguko miwili mitatu. Nilingoja anilaani au anifariji. "Mimi nilikwambia," akasema. "Sasa wewe umemwambia nani?"

Kesho yake nilipanda kwenda Kangeta.

Karimi alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilikaa kwenye kigoda, nikatoa kulabu, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, na swali la ndani ya gari pia. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinyoosha mkono, nikampa. Akakishika kile kipande cha kamba kwa kucha, akakisugua. Kikawa unga mweusi kwenye kidole chake.

"Hii ndiyo ilikuwa imeshika baba Kendi?"

"Ndiyo, mama."

"Ukamwacha aulize mara mbili."

"Ndiyo."

Alipangusa kidole kwenye leso. "Mimi nilijua alifunga. Nimeishi na yeye miaka kumi na moja, hajawahi kusahau kufunga hata mlango wa kuku. Hukuja kuniambia kitu kipya, Fundi. Ulikuja kupumzika."

Nikaanza kuomba msamaha, akanizuia kwa kiganja.

"Hapana. Hapa jikoni ni rahisi. Utaenda usemee sokoni, siku ya soko, mahali walipomcheka. Na ile spika yenu ya kuita watu sinema."

Niliwaeleza Mugambi na Mwalimu Gitonga siku hiyohiyo. Mugambi alikaa chini kwenye ngazi za gari, akaficha uso. Kisha akasema, "Ungeniambia yale maneno ya yule bibi, ningefunga kamera." Ilikuwa kweli, na ndilo neno linaloniuma hadi leo kuliko matusi yote. Mwalimu hakumlaumu mtu. Miezi mingi baadaye, Karimi alipokubali filamu ikamilike, yeye ndiye aliyeomba kile kipande cha kanda kiteketezwe na mahali pake pabaki giza. Kwa hiyo, mwenye miwani, hatukutaka ufikirie. Hatukuwa na haki ya kukuonyesha. Kanisa nalo liliniondoa kwenye uzee wa kanisa na kwenye meza ya Bwana kwa mwaka mzima, na nikalishukuru, kwa kuwa adhabu ilinipa mahali pa kusimama.

Lakini kabla ya hayo yote ilikuwa siku ya soko.

Mugambi aliliendesha gari mwenyewe hadi katikati ya Kangeta. Ilikuwa saa ile ambayo miraa inafungwa kwenye majani ya migomba na malori yananguruma tayari kuondoka. Nikapanda juu ya paa na kipaza sauti.

"Leo sinema ni ya mchana?" mmoja akapiga kelele.

"Shuka wewe, tuko kazini!"

"Mwacheni mzee, ametuletea Yesu."

Wakacheka. Karimi alikuwa amesimama chini, mbele kabisa, mikono kifuani. Nikasema mimi ni Nyaga, fundi wa filamu, na kwamba siku Mutwiri alipoanguka kamba ilikuwa na shida kidogo.

"Shida gani?" Karimi akauliza, si kwa kelele. "Sema."

Nikasema kamba ilikatika. Nikasema niliambiwa haitabeba mtu nikapuuza. Nikasema kulabu ilikuwa imefungwa kwenye mshipi wake, na mimi ndiye niliyeifungua na kuificha mfukoni, na nikawaacha mseme ni miraa. Nikaiinua juu ili waione. Mikono iliyokuwa inafunga miraa ikasimama. Wachumaji wa kikundi chake walikuwa kando ya mizani, na mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu, akavua kofia polepole na kuitazama ardhi. Jiwe likagonga ubavu wa gari. Mugambi akafungua mlango, nikamwonyesha kwa mkono abaki ndani.

Nikadhani nimemaliza. Nikaanza kushuka.

"Fundi," Karimi akaniita. "Wale wa upande wa malori hawajasikia. Rudia."

Nikarudi juu, nikageuza kipaza sauti upande wa malori, nikarudia yote. Madereva wakazima injini. Nilipofika mwisho nilimtazama. Alikuwa analia sasa, bila kujifuta, lakini sauti yake haikutikisika.

"Na wale wa barabarani."

Nikageuka upande wa barabara. Mara hii sikuanza na jina langu, wala na kamba. Nilisema, "Mutwiri alifunga."

Wewe kijana uliyesoma hadi hapa, Bwana akutie masikio ya kumsikia mwenye kujua hata akiwa ameketi chini na mkonge mapajani. Akulindie walio juu ya kamba yako. Ukikosa, asikupe amani ya haraka, bali akupe mtu wa kukuambia rudia, na nguvu za kurudia. Amina.